Siku Ishirini na Sita Bila Ajali

Ngumi ilimkuta Soledad Magbanua kazini, akiwa amekufa.

Alikuwa amekufa kwa mkataba. Tangu tarehe mosi Oktoba alikuwa bibi harusi mfu wa chumba cha nne katika nyumba ya mizuka, kwenye bustani kubwa ya michezo iliyojengwa juu ya bahari, upande wa kusini wa Hong Kong. Miezi mingine alicheza ngoma kwenye maandamano ya mchana akiwa na manyoya kichwani. Oktoba alivaa gauni lililochanika, akajificha kabatini, na kila kundi la wateja lilipopita akaruka nje akipiga ukunga. Mara mia mbili na zaidi kwa zamu moja. Wateja walilipa ili waogopeshwe, na walipoogopeshwa, baadhi yao walidai chenji kwa mikono.

Huyu wa leo alikuwa kijana mwenye pete kubwa, kaja na mchumba. Soledad aliruka, kijana akapayuka mbele ya mpenzi wake kama mbuzi anayechinjwa, kisha kwa kuiona ile aibu akamtupia ngumi ya shavu. Kichwa cha Soledad kikagonga mlango wa kabati. Alipoinama kushika ukuta, teke likamfuata ubavuni.

"Ona, anaendelea kuigiza!" kijana akasema, na mchumba akacheka huku anapiga picha.

Mzuka hamgusi mteja. Mzuka hasemi neno. Akiumizwa, kanuni inasema akunje mikono kifuani, msalaba, mlinzi amwone kwenye kamera, taa ziwashwe na mchezo usimame. Kwa miaka minne hakuna aliyewahi kuikunja hiyo mikono. Soledad alimeza damu yenye chumvi, akarudi kabatini, akafunga mlango. Kundi lililofuata lilikuwa limeshafika chumba cha tatu.

Sababu ilikuwa imetundikwa ukutani nje ya chumba cha kujipamba. Ubao wa kijani, umeandikwa kwa herufi nyeupe: SIKU BILA AJALI. Chini yake vibao viwili vya namba, na siku hiyo vilisoma ishirini na mbili. Ubao ukifika thelathini na moja, kila mzuka alipata dola elfu tatu juu ya mshahara wake. Mmoja akiandikisha jeraha, namba inarudi sifuri na mizuka arobaini wote wanakosa. Mwenye kampuni aliamini ubao ule unapunguza majeraha. Ulipunguza maandishi tu.

"Leo umenirahisishia kazi," mpambaji alimwambia Soledad saa ya mapumziko, akimgeuza shavu kwenye taa. "Zambarau hii mimi siwezi kuichanganya hata nikilala hapa."

"Paka juu yake, dada. Usiniangalie hivyo."

Kwenye kioo cha jirani, Jovelyn, mzuka wa chumba cha tano, alikuwa anabandika kovu. Alimwona vizuri. "Bado siku tisa, Dada Sole," alisema polepole. "Mama yangu hana paa tangu kimbunga. Nimeshamwambia fundi aanze."

"Nimesema kitu mimi?"

"Hujasema. Nakushukuru."

*

Waliishi Tin Wan, chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia, ghorofa ya kumi na moja: Soledad, mumewe Crisanto, na binti yao Tala wa miaka sita. Crisanto alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya hoteli mpaka hoteli ilipogundua kwamba kijisanduku kimoja chenye nyimbo elfu hakili wala hakiombi likizo. Sasa alipiga kwenye harusi za watu, na siku zilizobaki aliosha vyombo vya nyumbani kwa mahadhi.

Alikuwa anakaanga samaki mkavu dirisha likiwa wazi, jirani wa Kichina anakohoa kwa makusudi upande wa pili. Aliposikia ufunguo hakugeuka.

"Ya ngapi hii?"

"Ya nini?"

"Sole, mimi nimeishi kwa kupiga vitu. Najua kishindo kikiwa kimepita." Akageuka, akaona shavu, akazima jiko. "Mungu wangu. Kesho naenda kwa huyo bosi wenu Kwok."

"Ukienda, nimekwisha. Mtihani wa mikataba ni Novemba tarehe tano. Wakiniandika majeruhi sipandi jukwaani, nisipopanda hakuna mkataba, na bila mkataba sote watatu tunafunga mabegi kurudi kwetu. Na hao thelathini na tisa wengine watanimeza mbichi."

"Kwa hiyo upigwe mpaka tarehe tano."

"Mpaka thelathini na moja. Baada ya hapo nacheza ngoma tena, na manyoya hayapigwi."

Crisanto aliweka barafu kwenye kitambaa, akamkandamiza shavu kwa mkono mwepesi usiolingana na vidole vyake vinene. "Na Jumapili bado unakimbia?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda chao cha zamani. Oktoba mizuka walipata Jumapili moja tu ya mapumziko, kwa kura. Soledad aliipata ya tarehe ishirini na sita, na siku hiyohiyo palikuwa na mbio za milima, kilomita kumi na tano kutoka bwawa la Aberdeen mpaka juu na kurudi. Alikwisha kujiandikisha kabla ya kumwambia mumewe.

"Siku zote unafanya kazi ya mizuka, alfajiri zote ni za ngazi na milima," Crisanto alisema. "Mimi na Tala tuna siku gani? Tuandikie kwenye ubao basi. Siku ngapi bila mke."

"Kule juu hakuna anayenirukia, Santo. Hakuna ninayemrukia. Saa mbili tu. Saa sita mchana nitakuwa nimeshafika Central kwenye maboksi ya Jumapili, nakula na nyinyi. Naapa."

Tala alitoa kichwa nyuma ya pazia. "Mama kapigwa tena?"

Wazazi wakatazamana.

"Ni siri yetu ya nyumbani," Crisanto alisema, akamchuchumalia. "Mtu akikuuliza mama kafanya nini, hujui. Sawa? Baba kasema."

"Baba kasema," Tala aliitikia, kama mtoto mwenye adabu. Adabu nayo ina hasara zake.

*

Kesho yake alfajiri Soledad alipanda ngazi za kuelekea bwawani kwa mwendo wa bibi kizee, maana ubavu ulikuwa unachoma kila akivuta pumzi. Ukutani mwa bwawa alimkuta Dada Perla akivutwa na mbwa wa mwajiri wake, mnyama mdogo mweupe aliyevaa koti zuri kuliko la Perla.

Perla alikuwa na miaka ishirini na miwili katika jikoni za watu. Alikuwa mkimbiaji mpaka goti lilipokataa. Sasa aliwapikia wakimbiaji, akawapangia mazoezi, na akawatangazia habari zao kabla wenyewe hawajazijua. Jovelyn alikuwa mpwa wake. Perla hakuwa na siri tumboni zaidi ya dakika kumi, isipokuwa moja: mume aliyebaki kwao Iloilo hakuwa amemkimbia kwa sababu ya umaskini.

"Simama hapo," alisema. "Vua kofia."

"Nimechelewa, dada."

"Vua."

Soledad alivua. Perla aliliangalia lile shavu kwa muda mrefu, mbwa anawazunguka.

"Wiki iliyopita ilikuwa mkono. Ulisema mlango. Kabla ya hapo mdomo. Leo?"

"Nilianguka kwenye ngazi."

"Ngazi gani hiyo, mdogo wangu, yenye vifundo vya vidole?"

Soledad alitamani kucheka, ubavu ukamkataza. Angemweleza. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Lakini nusu ya mizuka walikula chakula cha Perla Jumapili, na nusu nyingine walikula umbea wake. Kufika Jumatatu lingekuwa limeshapanda meza ya Kwok.

"Ni ngazi, dada. Niamini."

"Mimi pia nilianguka kwenye ngazi," Perla alisema. "Miaka sita. Na nyumba yetu haikuwa na ghorofa." Akaivuta kamba ya mbwa. "Jumapili, kimbia. Ukirudi utakula. Mengine niachie."

Soledad alilisikia lile "niachie" akadhani ni upole. Ndilo kosa lake, na alilijua akiwa amechelewa.

*

Jumapili alikimbia vibaya, akafurahi. Kamba ya namba ilibana pale pale palipopigwa, kila ngazi ilikuwa teke jipya, na bado alipofika mgongoni mwa mlima upepo ukampiga usoni, ukawa ndio kitu cha kwanza mwezi huo kumpiga bila nia mbaya. Alimaliza wa kumi na tisa kwa wanawake. Wakampa taulo. Akapanda basi la kwenda Central, katikati ya jiji, akiwa na chumvi usoni. Saa sita kasorobo alikuwa anateremka kwenye njia za waenda kwa miguu, pale wenzake wa kwao, wengi wao watumishi wa majumbani, wanapotandika maboksi chini kila Jumapili, wakavua viatu, wakasukana, wakacheza karata, wakala mpaka jua litue.

Alisikia kelele kabla ya kuona. Akadhani ni mashindano ya kuimba.

Yaliyotangulia alikuja kusimuliwa baadaye na watu wanane, kila mmoja akidai kwamba yeye hakunyanyua mkono. Crisanto alikuwa amefika mapema na Tala, na sufuria ya adobo, nyama ya siki ya kwao, aliyoipika mwenyewe. Perla akampakata mtoto, akamlisha kipande cha nyama, akamuuliza kwa sauti ya asali: "Tala, nani anampiga mama?"

Tala akatafuna kwanza. "Sijui," alisema. "Baba kasema nisiseme."

Perla akamweka mtoto chini taratibu, akampa mtu amshike. Kisha akauchukua mwavuli.

Soledad alipopenya kwenye mduara, mumewe alikuwa amepiga magoti katikati ya maboksi, adobo imemwagika mapajani mwake. Wanawake kumi na kitu walikuwa juu yake: miavuli, kandambili, mfuniko wa sufuria. Damu ilimtoka puani ikaingia mdomoni. Jicho moja lilikuwa limeshafumba.

"Mpige mwenye nguvu zako!"

"Anachuma yeye, unalala wewe, halafu unampiga? Kupe!"

"Ngoma zimeisha umegeukia mke?"

Mtu alimvuta nywele, mwingine akamkanyaga mkono, ule wa kulia, wa kushikia fimbo za ngoma. Perla alikuwa anapiga bila matusi. Alipiga kimya, kwa mpangilio, kama mtu anayelipiza kitu cha mbali sana, na kila mwavuli ulipotua alivuta pumzi ya kilio.

Crisanto hakurudisha hata pigo moja, wala hakusema. Alikuwa amenyoosha mgongo, ameinua kichwa, na mikono yake ameikunja kifuani. Msalaba. Ile ishara ambayo Soledad alimfundisha jikoni kwa mzaha, ya kusimamisha mchezo. Mume wake alikuwa anaionyesha kwa watu wasioijua, akingoja taa ziwake.

Mmoja tu pale aliijua. Ukingoni mwa boksi Jovelyn alikuwa amekaa na bakuli la tambi, macho ndani ya bakuli. Hakuwa anakula. Tambi zilikuwa zimeshaganda.

"Acheni!" Soledad alipiga ukunga wake wa kazini, ule wa mara mia mbili kwa zamu. Watu wakaruka nyuma. Ulikuwa ukunga wa kulipwa. Akajitupa mbele ya mumewe, mwavuli wa Perla ukamshukia begani kabla haujaweza kuzuilika.

"Ondoka, Sole! Usimkinge! Wote tuliwakinga!"

"Hajawahi kunigusa! Ni kazini! Wateja ndio wanaonipiga, dada! Mara saba mwezi huu! Yeye ndiye anayenikanda barafu!"

Perla alisimama, mwavuli umepinda mkononi. "Kazini? Na mbona hukusema?"

"Dada Sole, nyamaza," Jovelyn alisema kwa sauti ndogo. "Bado siku sita. Nakuomba."

Perla aligeuka kumtazama mpwa wake taratibu sana.

"Wewe ulijua?"

"Shangazi, paa la mama..."

"Umekaa hapo. Nimempiga mwanamume asiye na kosa mbele ya mtoto wake, wewe umekaa hapo na tambi?"

Mwavuli ukapanda tena. Jovelyn aliufunika uso, na mkono wa gauni ukateleza ukaonyesha kiwiko kilichovimba, cheusi, kimefungwa kwa soksi. Soledad aliudaka mwavuli hewani, akaukunja kwa goti lake, akautupa.

"Imetosha," alisema. "Leo watu wa kupigwa wamekwisha."

Akainama, akaikunjua mikono ya mumewe kifuani, mmoja baada ya mwingine, maana ilikuwa imekakamaa.

"Kwa nini hukuwaambia, mjinga wewe?"

Crisanto alitema damu pembeni kwa heshima, asichafue boksi la mtu. "Ulisema ni siri," alisema. "Umeshinda?"

"Wa kumi na tisa."

"Basi mimi nimekuwa wa mwisho."

*

Jumatatu ubao ulisoma ishirini na sita. Soledad aliupita bila kuvaa gauni, bila rangi, shavu likiwa na kila kitu chake, akagonga mlango wa Bwana Kwok.

Bwana Kwok hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu. Aliitoa, akatazama shavu, akatazama kalenda, akapiga hesabu ya siku tano, akaguna kama anayeumwa jino.

"Bi Magbanua, una hakika ni hapa? Watu wanasema unakimbia sana milimani. Milimani watu huanguka."

"Ni hapa. Kamera ya chumba cha nne, Alhamisi, saa kumi na robo. Ana pete."

"Na ulikaa siku nne?"

"Hiyo ni ya saba, bwana. Andika zote. Nitakutajia tarehe."

Aliandika. Ilichukua karatasi mbili. Daktari wa kampuni alikuta ufa kwenye mfupa wa shavu na mbavu mbili zilizopasuka, akashangaa alivyokimbia, akamwandikia mapumziko ya wiki sita. Kwok alikuwa muungwana, alimwambia mwenyewe: wiki sita zinapita mtihani wa Novemba. Mkataba ungefikiriwa "kwa wakati wake". Soledad alikuwa ameishi ugenini muda wa kutosha kuujua wakati huo ni upi.

Alipotoka, mizuka walikuwa wamejipanga kwenye ujia, nusu wamepambwa, nusu bado watu. Fundi alikuwa juu ya kiti anavua mbili, anavua sita, anatundika sifuri mbili. Mwenye fuvu alitema mate karibu na kiatu chake. Mwingine akasema kwa Kitagalogi, lugha yao ya nyumbani, kwa ukuta: "Elfu tatu mara arobaini. Shavu la dhahabu."

Kwenye kabati lake viatu vyake vya kukimbilia vilikuwa vimejazwa damu ya bandia mpaka pomoni. Alivigeuza kwenye sinki, akavisuuza, ikatoka nyekundu, ikatoka waridi. Alipoinua macho, Jovelyn alikuwa mlangoni, amevua soksi kiwikoni.

"Bado yupo ofisini?"

"Yupo."

"Siwezi kukunja huu mkono tangu tarehe nne," Jovelyn alisema. Hakuomba radhi. Alisimama pale kidogo, kama anayengoja mtu amkataze. Hakukatazwa. Akaenda akagonga.

*

Jumanne alfajiri Soledad alivaa viatu vyenye waridi, akasimama mlangoni.

"Daktari kasema usikimbie," Crisanto alisema kutoka kitandani.

"Nitatembea."

"Ngoja basi." Akaamka. Miaka minne hakuwahi kuzipanda zile ngazi; alisema zilijengwa na watu wenye chuki na magoti. Alimbeba Tala aliyelala bado, akamshusha kwa jirani wa Kichina. Jirani alimpokea mtoto, akalitazama jicho la Crisanto, akaufunga mlango bila kukohoa.

Wakapanda. Yeye na mbavu zake, mume na goti lililochubuka, jicho na mkono uliofungwa bendeji. Kazi ya kupiga ngoma kwenye harusi ya Jumamosi mume alikuwa ameshaikosa. Walihesabu kwa sauti: akiba yao ingewafikisha Januari kama wangeacha nyama, Februari kama wangeacha na kucheka. Ya pili wakaikataa.

Karibu na bwawa walikutana na bibi mmoja wa Hong Kong, wa rika la kuta zile, anayefanya mazoezi yake ya kila siku ya kutembea kinyumenyume huku anapiga makofi. Aliwafikia kwa mgongo, akawapita, ndipo akawaona usoni. Akasimama. Akamtazama mke, akamtazama mume. Akaliinua konzi lake dogo, akauliza kwa macho: nani?

Crisanto akamnyooshea mkewe kidole. Soledad, wakati uleule, akamnyooshea mumewe.

Bibi akatikisa kichwa, akampiga Crisanto kibao chepesi cha bega, kisha Soledad naye, kwa haki, akaendelea na safari yake ya nyuma, anapiga makofi.

Kicheko kilimpanda Soledad kutoka miguuni. Kilipofika mbavuni kikamkata vipande. "Usi... usiseme kitu, Santo."

"Nasema tu, kwa rekodi, huyo bibi ni ajali kazini. Namba irudi..."

Soledad hakuweza kusema, hakuweza kuvuta pumzi. Akakunja mikono kifuani. Msalaba.

Crisanto alinyamaza papo hapo. Aliushika ukuta wa bwawa, akamsogezea bega aegemee mpaka pumzi yake iliporudi.